Mapato ya kliniki: kwa dola tumeshuka kidogo, kwa franga tumeanguka. Nimwambie Dokta nini?

MamaHesabu (Lubumbashi)

Jambo yenu wote, wakubwa na wadogo. Mimi ni mhasibu wa polikliniki moja ya mtu binafsi hapa Bel-Air. Vitanda 32, watumishi 41 ukimhesabu na mlinzi wa usiku. Umeme umekatika tangu jioni na ninaandika kwa simu, basi mkiona herufi imeruka mnisamehe.

Dokta mwenye kliniki ameniomba karatasi moja. "Moja tu, mama, si kitabu." Anataka imweleze kwa nini mapato ya Oktoba hadi Desemba 2025 hayafanani na ya miezi hiyohiyo ya 2024. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Leo ni siku ya tatu na nimezidi kuchanganyikiwa.

Tuna wagonjwa wa aina mbili. Wa kese wanalipa palepale dirishani, kwa franga za Kongo, kwa bei iliyobandikwa ukutani. Wa boni wanakuja na karatasi ya kampuni yao, tunawatibu, mwisho wa mwezi tunaipelekea kampuni fakitire, yaani hati ya kudai malipo, na hiyo ni kwa dola. Bei ya ukutani hatujaigusa, na ya boni ni ileile tangu 2023.

Hesabu yenyewe ni hii. Oktoba hadi Desemba 2024: wa kese walikuja mara 2,400, kila mara wakaacha kama franga 42,750. Wa boni mara 900, kila fakitire kama dola 48. Mwaka uliofuata, miezi hiyohiyo: wa kese mara 2,160, franga 42,750 ileile. Wa boni mara 640, dola 55.

Kugeuza, kitabuni nilitumia dola moja kwa franga 2,850 mwaka 2024, na 2,250 mwaka 2025. Mnakumbuka Septemba na Oktoba franga ilivyopanda ghafula. Kambisti wangu wa siku zote, anayenibadilishia fedha, alikataa dola zangu siku mbili mfululizo, akaniambia nirudi akishajua kesho itakuwaje.

Sasa tazameni. Kwa dola, 79,200 zimekuwa 76,240: tumeshuka asilimia 3.7. Kwa franga, na vitabu vya SYSCOHADA, kanuni za uhasibu tunazofuata, hapa kwetu ni vya franga, 225,720,000 zimekuwa 171,540,000: asilimia 24! Kliniki ileile, miezi ileile, risiti zilezile.

Nilifanya kosa la kumwonyesha Dokta ile 24 kwanza. Tangu Jumatatu amevuta kiti, anakaa nyuma ya dirisha la kese na kuhesabu risiti moja moja. Binti wa kese jana alilia chooni. Na Dokta ameshasema mwezi ujao tunapandisha bei ya ukutani ili "turudishe ile 24".

Wenye kufanya kazi hizi, nimpelekee namba ipi? Na nitajuaje kilichotushusha?

KijanaWaKatuba

Mama, ni kese. Banaiba. Uko nasumbuka bure na mahesabu. Miye nilitumikaka pa kese ya butike moja, najua vile banafanyaka.

MzeeFakitire (Likasi)

Binti yangu, mimi nilikaa ofisi ya fakitire ya hospitali ya kampuni ya migodi miaka 27, sasa niko nyumbani nafuga kuku. Nikusaidie kabla hawajaanza kupiga kelele.

La kwanza, Dokta atoke pale dirishani. Mgonjwa akimkuta daktari anahesabu risiti atajiuliza nani anatibu.

Kijana wa Katuba hajakosea kabisa kuuliza habari ya wizi, ila wizi haupimwi kwa kumkodolea mtu macho. Chukua wiki moja ya Novemba, yoyote, usimwambie mtu. Hesabu majina kwenye kitabu cha daktari cha wiki ile, halafu hesabu risiti za wiki ileile. Kitabu cha daktari hakiandikwi na binti wa kese. Majina yakizidi risiti kwa mbali, hapo kuna shimo. Yakikaribiana, mwacheni mtoto wa watu afanye kazi.

Sasa mapato. Umefanya jambo moja zuri ambalo wengi wanalikosea: umelinganisha mvua na mvua. Nimewaona wahasibu wanaweka Julai na Agosti za kiangazi upande mmoja, Novemba na Desemba za mvua upande mwingine, halafu wanamwita mkurugenzi washangilie. Mbu ndiye aliyefanya kazi, si mkurugenzi.

Ulipokosea ni kuzitupa aina zote mbili katika sufuria moja na kuangalia mvuke. Zitenganishe. Na katika kila aina uliza mambo matatu kwa mpangilio: wameingia mara ngapi, kila mara wameacha kiasi gani, na kiasi hicho umekigeuza kwa bei gani ya dola.

Tuanze na kese. Mwaka 2024 ile 42,750 yako ilikuwa dola 15. Mwaka 2025, 42,750 ileile imekuwa dola 19. Wagonjwa 240 hawakuja: 240 mara 15, umepoteza dola 3,600. Lakini wale 2,160 waliokuja, kila mmoja "amekuongezea" dola 4 bila yeye kujua: dola 8,640. Toa 3,600, unabaki na nyongeza ya 5,040. Kwa hiyo kwenye karatasi ya dola kese yako imepanda, huku benchi la mapokezi limepungua watu! Dola 8,640 hizo hakuna sindano iliyochomwa. Franga ikirudi ilikokuwa, nazo zinarudi.

Boni: fakitire 260 zimepungua, mara 48, ni dola 12,480 zimeondoka. Zilizobaki 640 kila moja imeongezeka dola 7, ni 4,480 zimeingia. Tofauti ni 8,000 chini.

Jumlisha: 5,040 juu, 8,000 chini, ndiyo ile 2,960 yako. Dokta anaona asilimia 3.7 na kusema "si mbaya", au anaona 24 na kukamata kese. Mimi ningemwonyesha kwanza kwamba watu walikuwa 3,300 na sasa ni 2,800. Asilimia 15. Hiyo haijali dola wala franga.

Na ile 24? Tazama kese peke yake kwa franga: 102,600,000 na 92,340,000. Asilimia 10, sawasawa na wagonjwa waliopungua. Iliyobaki katika 24 ni fakitire za boni: chache zaidi, na juu ya hapo kila dola yake sasa inaandikwa 2,250 badala ya 2,850. Binti wa kese hakuigusa.

Nina maswali mawili kwako. Kwa nini boni imetoka 48 hadi 55 na bei haikuguswa? Usiniambie "wanatibiwa vizuri zaidi". Na zile 260 ni za kampuni gani? Kumbuka Leta, yaani serikali, ilifunga madini ya kobalti yasitoke nchini tarehe 22 Februari 2025, na ilipofungua tena Oktoba ilifungua kwa kipimo, kila kampuni na kiasi chake. Wakubwa wanavumilia. Wanaoanguka ni wadogo wanaowabebea mizigo na kuwapikia. Kwa sheria yetu ya kazi, ile ya 2002, mwajiri anamtibu mfanyakazi pamoja na mke na watoto. Dereva mmoja akirudishwa nyumbani, kwako wamepotea watu sita au saba.

NesiWaKamalondo

Dada, Mzee amesema vizuri, ila mimi ninakaa chumba cha sindano, siko ofisini, acha niseme tunayoyaona huku.

Mama wa mtoto haji kliniki. Anakuja kwa dokta fulani. Kwetu mwaka juzi dokta wa ngozi alihama, ofisini wakasema ni "hali ya uchumi". Uchumi gani? Wagonjwa wake walikuwa wanapita mbele ya mlango wetu wakienda kwake, avenue ya pili, wanatupungia mkono. Kuna mtu aliyewaacha mwaka 2025? Hata wa siku mbili kwa wiki? Usihesabu kwa mwezi tu, hesabu kwa chumba: watoto, wanawake, meno, labo.

Na mwulize binti wa mapokezi. Yeye anajua. Huwa hawamwulizi.

MzeeFakitire (Likasi)

Nesi ana haki. Miaka 27 na hilo nimelisahau, kwa sababu hospitali ya kampuni mgonjwa hana pengine pa kwenda.

Niongeze juu ya bei ya ukutani kabla Dokta hajaigusa. Mtu anayeuza mahindi sokoni anapata franga, kwake 42,750 ni 42,750. Lakini Lubumbashi imejaa watu wanaopata dola: wa migodi, wenye nyumba za kupangisha, wanaopokea kutoka kwa watoto walio ng'ambo. Kwa hao kliniki yenu ilikuwa ya dola 15, ikawa ya 19 bila ninyi kubadilisha hata karatasi moja ukutani. Ni kupanda kwa asilimia 26 na zaidi. Mkiongeza tena juu ya hapo, mtakuwa mnawafukuza kwa mikono miwili.

MamaHesabu (Lubumbashi)

Asante Mzee wangu, asante dada Nesi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda kufungua vitabu, vile vya karatasi, kwenye kompyuta hakuna jina la daktari. Siku nne. Vumbi limenikaa kifuani.

Nianze na wizi, maana ndio ulioniudhi. Nilichukua wiki moja ya Novemba. Kitabu cha madaktari, nikiondoa wa boni: majina 163. Risiti za kese: 161. Nikawatafuta wawili hao kama polisi. Mmoja ni mtoto wa mlinzi wetu, anatibiwa bure, ni kanuni ya nyumba. Mwingine ni bibi mmoja ambaye pembeni ya jina lake imeandikwa "asilipe", kwa mwandiko wa Dokta mwenyewe. Nimempelekea ukurasa. Ameutazama kwa muda mrefu, kisha akarudisha kiti chumbani kwake bila kusema neno. Binti wa kese nimemnunulia Fanta.

Boni: Mzee, umeona kutoka Likasi nisichokiona mezani kwangu. Katika 260 zilizopungua, 212 ni za kampuni moja ndogo ya malori iliyokuwa inabebea migodi. Zilizobaki 48 ni kidogo hapa kidogo pale. Nilikuwa najua kwamba fakitire zao zimepungua, ila mkononi mwangu kampuni hiyo ni mstari mmoja kati ya mistari kumi na minne. Sikuwahi kuiwazia kama madereva na wake zao na watoto wao. Na wao walikuwa wanakuja na malaria, kikohozi, kuangaliwa mkojo, fakitire za dola 20, 30.

Hapo ndipo ile 48 na 55 ikafunguka. Nilihesabu akina mama wa boni waliozaa kwa kupasuliwa: 14 mwaka 2024, 23 mwaka 2025. Kupasuliwa kwetu kwa boni ni dola 450. Nikaziondoa zote pande zote mbili nione kilichobaki. Kinachobaki kilikuwa karibu dola 42 kwa fakitire, sasa ni 40. Kwa hiyo hatukupanda, tumeshuka kidogo! Kilichoinua 55 ni kina mama tisa zaidi kwenye meza ya upasuaji, na madereva waliokuwa wanaishusha hawapo tena. Mwaka ujao kina mama wakijifungua wenyewe salama, Mungu awajalie, wastani wangu utaanguka na Dokta ataniita tena ofisini.

Sasa kese. Nilimwuliza binti wa mapokezi, kama Nesi alivyosema. Hakufikiri hata kidogo. "Ni watoto, mama. Tangu dokta wa watoto aondoke." Dokta wa watoto alikuwa anakuja Jumanne na Ijumaa. Aliacha mwisho wa Agosti. Kitabuni: katika wale 240, watoto ni 171. Mimi niliandika barua yake ya kuondoka kwa mkono wangu, nikaifunga kwenye faili la watumishi, na sikuwahi kuiweka karibu na faili la mapato.

Wakubwa waliobaki, 69, sijui. Huenda ndio wa dola wa Mzee. Sina njia ya kuwauliza watu ambao hawakuja.

KijanaWaKatuba

Mama sasa dokta wa watoto alienda wapi na juu ya nini? Hiyo ndiyo ya kuuliza.

MamaHesabu (Lubumbashi)

Kijana, leo umeuliza swali la maana. Alikuwa analipwa kwa kichwa, sehemu ya kila alichotibu, na tulikuwa tunamlipa baada ya kampuni kutulipa sisi. Kampuni zikichelewa naye anachelewa. Mwezi wa Agosti alikuwa anatudai tangu Mei.

MzeeFakitire (Likasi)

Basi binti yangu hapo umefika kwenye kisima chenyewe, na karatasi ya mapato haikionyeshi. Fakitire ukishaituma, kitabuni ni mapato. Lakini fakitire haili, hailipi mtu mshahara. Katika zile dola 35,200 za boni za 2025 (640 mara 55), mpaka leo zimeingia kiasi gani?

Na angalia wanachokata. Dokta mshauri wa kampuni anapitisha kalamu: dawa hii haimo kwenye orodha, kitanda siku nne kwa nini si mbili. Sisi tulikuwa tunakatwa, halafu tunanyamaza kwa sababu tulikuwa tumechelewa kuandika pingamizi. Weka safu tatu: iliyotumwa, iliyokubaliwa, iliyolipwa. Ya kwanza ndiyo unayompa Dokta. Ya tatu ndiyo iliyomfukuza dokta wa watoto.

MamaHesabu (Lubumbashi)

Iliyotumwa 35,200. Iliyokubaliwa mpaka leo 32,900. Iliyolipwa 11,400, na hiyo yote ni ya Oktoba.

Nilipoiandika mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya.

NesiWaKamalondo

Eeh. Na mishahara ya Desemba mlitoa wapi, dada?

MamaHesabu (Lubumbashi)

Kwenye kese, dada. Franga za wale wa dirishani ndizo zilizolipa Noeli ya watu 41. Yule binti aliyekuwa anachungwa kama mwizi ndiye aliyekuwa anatulisha.

Karatasi nimeimaliza, ni moja kama alivyotaka, ingawa nimeandika mbele na nyuma. Mbele nimeweka watu: 3,300 na 2,800, halafu nimewagawa: malori 212, watoto 171, wengine 117. Chini yake dola, na ile 8,640 nimeiandika pembeni peke yake, "bei ya dola, si kazi". Franga ziko mstari wa mwisho kwa sababu ya Leta. Nyuma ni zile safu tatu za Mzee.

Dokta ameisoma akiwa amesimama. Habari ya kupandisha bei ya ukutani hakuitaja, na mimi sikumkumbusha. Habari ya malori amesema hatuwezi kuifanyia kitu, na kweli, kobalti si yetu. Alikaa kwenye mstari wa watoto. Akauliza dokta wa watoto tunamdai kiasi gani, nikamwambia tunadaiwa, Dokta, si tunadai, dola 1,870, za Mei hadi Agosti. Akaniambia nimlipe kesho zote kutoka kese kabla ya kumpigia simu, nisimpigie kwanza.

Nimemlipa leo saa tatu asubuhi. Simu nimepiga mara mbili, inaita tu. Ni Ijumaa, labda yuko na watoto wa watu mahali pengine. Nitajaribu tena jioni umeme ukirudi, simu yangu iko asilimia 6.